UZI: Kompyuta inapoigiza vita, ni nani aliyeandika sheria za mchezo?

Mwana wa Mtongwe (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, asalaam aleikum na habari za jioni.

Tangu meli zianze kushambuliwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, mazungumzo ya barazani hapa Mombasa yamekuwa ni ya vita. Iran itafanya nini, Marekani itajibu vipi, mizigo yetu itapitia wapi. Si mazungumzo ya kupoteza wakati, kwani meli inayotoka Ulaya ikilazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, aliyeagiza bidhaa kupitia bandari yetu ya Kilindini huuhisi mzunguko huo mfukoni mwake.

Kuna watu ambao kazi yao ni kuyauliza maswali hayohayo kwa kompyuta. Hutengeneza nchi za kubuni ndani ya programu, wakazipa silaha, hofu, marafiki na habari nusunusu, kisha wakatazama viongozi wa nchi hizo, wawe ni binadamu au ni programu, wanakata shauri gani. Mimi nafundisha kompyuta hapa mjini na jambo hili nimelifuatilia kwa muda mrefu. Nimefungua uzi kwa sababu mara nyingi naona habari inasambazwa kwenye makundi kwamba "kompyuta imetabiri vita", na watu wanashika matokeo bila kuuliza sheria zilizoyazaa.

Msimamo wangu nauweka mapema mnipinge mkitaka. Uigaji wa namna hii ni chombo kizuri mno cha kuonyesha maamuzi yanaharibikia wapi. Kwa kupiga ramli haufai. Na faida yake yote hupotea pale mwenye mchezo anapokataa kumsikia aliyeshinda kwa sababu hakutaka ashinde.

Nianze na historia kidogo. Mchezo wa vita wa mezani si wa juzi: mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia, dola ya Wajerumani ya wakati ule, jina lake Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi mchezo wenye ramani, vipande, dadu na mwamuzi, ambapo kila upande uliona tu kile ambacho ungeweza kukiona vitani. Mengine yote ulikuwa ubahatishe.

Lakini ninayemheshimu zaidi katika fani hii hakuwa askari. Ni Lewis Fry Richardson, Mwingereza wa madhehebu ya Quaker, watu wasioshika silaha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Ufaransa akiendesha gari la wagonjwa, na humohumo akawa anakokotoa hali ya hewa kwa mkono, kazi ambayo leo inafanywa na kompyuta kubwakubwa. Ofisi ya hali ya hewa ilipowekwa chini ya wizara ya jeshi la anga mwaka 1920, alijiuzulu. Baadaye akazigeuza hesabu zake kuelekea vita: kwa nini nchi mbili zinaweza kurundika silaha hata kama hakuna anayetaka kupigana?

Jibu lake mnaweza kulijaribu sasa hivi kwa kikokotoo cha simu. Chukua nchi mbili, kila moja ina silaha za thamani ya 10. Kila mwaka nchi inaongeza asilimia 30 ya silaha za jirani yake kwa hofu, inapunguza asilimia 20 ya silaha zake yenyewe kwa kulemewa na gharama, na inaongeza 1 kwa ajili ya kinyongo cha zamani. Mwaka wa kwanza: 10 + 3 − 2 + 1 = 12. Mwaka wa pili 14.2. Wa tatu 16.62. Endelea, haisimami.

Sasa geuza tarakimu mbili tu. Hofu iwe asilimia 20, gharama iwe 30. Utapata 10 + 2 − 3 + 1 = 10, na mwaka ujao 10 tena. Hata ukianza na 20 kila upande, zinashuka hadi 19, kisha 18.1, zikirudi polepole kuelekea 10. Kinyongo ni kilekile, jirani ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mzigo wa gharama umeizidi hofu.

Naona jambo hili ni zito. Rais wa nchi ile ya kwanza anaweza kuwa mtu mwema kabisa, anaswali, anapenda watu wake, na bado mwaka hadi mwaka akanunua mizinga. Muendelezo unakuja.

---

Kuli wa Kilindini

Nimesoma yote, mwalimu, na nimepiga hesabu nikaona kweli. Lakini binadamu si 30 wala 20. Kuna hasira, kuna heshima, kuna mtu ametukanwa mbele ya watu. Kiongozi ana uchaguzi mwaka ujao. Hayo utayatia wapi kwenye kikokotoo?

---

Mwana wa Mtongwe

Ndugu yangu, swali lako ndilo lililomfanya Harold Guetzkow, wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kuanzisha mwishoni mwa miaka ya 1950 uigaji uliochanganya watu na hesabu. Binadamu waliketi kwenye viti vya uongozi wa nchi za kubuni: huyu mkuu wa nchi, yule wa mambo ya nje. Hesabu zilishughulikia mambo ambayo hesabu inayaweza: uchumi umekua kiasi gani, jeshi limegharimu nini, wananchi wameridhika au karibu wanakung'oa. Kwa hiyo uchaguzi uliousema ulikuwemo. Kiongozi aliyewaacha watu wake na njaa ili anunue silaha aliweza kupoteza kiti.

Kisha wakaja Charles na Margaret Hermann, ambao mwaka 1967 walichapisha jaribio la kuigiza mwanzo wa vita vya 1914 kwa njia hiyohiyo. Habari za mataifa zilibadilishwa sura na majina yakafichwa, ili wachezaji wasijue kwamba wanacheza Ulaya ya 1914. Tena walijaribu kuwachagua wachezaji ambao tabia zao zinakaribiana na za viongozi wa wakati ule. Yaani hasira na majivuno yalikuwa sehemu ya vifaa vya maabara.

Kuna njia nyingine ya kujibu swali lako: kumwandika mtu mwenyewe kama programu ndogo yenye tabia yake, halafu kuwakutanisha wengi. Hiyo ndiyo aliyoifanya Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa wa Marekani.

Axelrod aliitisha mashindano ya programu, na mwaka 1980 akachapisha matokeo. Wataalamu walituma programu 14, yeye akaongeza moja ya kubahatisha, na kila programu ikacheza na nyingine raundi 200. Kila raundi una mambo mawili tu: kushirikiana au kusaliti. Mkishirikiana wote, kila mmoja anapata 3. Mkisalitiana, kila mmoja 1. Mmoja akisaliti mwenzake akishirikiana, msaliti anapata 5 na mwenzake 0.

Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, imetumwa na Anatol Rapoport. Tuiite Jino kwa Jino: anza kwa kushirikiana, kisha kila raundi fanya kile alichokifanya mwenzako raundi iliyopita. Axelrod akatangaza matokeo, akaitisha mashindano ya pili. Mara hii zikaja programu 62, na wote walioleta walijua nani alishinda mara ya kwanza. Jino kwa Jino ikashinda tena.

---

Binti Makadara

Kaka, hapo sijaelewa vizuri. Kwa hiyo jino kwa jino ndiyo siasa bora? Mbona tunaona nchi zinalipizana miaka na miaka na hakuna kinachotulia?

---

Mwana wa Mtongwe

Dada, umegusa penyewe. Mashindano yale yalikuwa na sheria moja ambayo duniani haipo: kila mchezaji alijua bila shaka mwenzake amefanya nini. Hakuna rada iliyokosea, hakuna mjumbe aliyechelewa, hakuna mwanajeshi aliyefyatua bila amri.

Tuingize kosa moja uone. Alif na Be, wote ni Jino kwa Jino. Raundi tatu wanashirikiana, 3 kwa 3. Raundi ya nne Alif anashirikiana kama kawaida, ila Be anapokea habari kwamba amesaliti. Raundi ya tano Be analipiza, na Alif, ambaye hajui lolote, anashirikiana. Raundi ya sita Alif analipiza kwa yale ya raundi ya tano, wakati Be amesharudi kwenye ushirikiano kwa kuwa raundi iliyopita Alif alikuwa mwema. Raundi ya saba ni zamu ya Be tena. Wataendelea hivyo hadi mwisho wa mchezo, leo wewe kesho mimi, na kila mmoja atakuwa na haki kamili ya kusema "aliyeanza ni yeye". Kwa wastani wanapata 2.5 badala ya 3. Kosa la pili likitokea wakati mbaya, wote wawili wanaangukia kwenye kusalitiana na wanabaki na 1.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti Martin Nowak na Karl Sigmund walichunguza hali hii ya makosa. Walipata kwamba anayefaulu ni anayelipiza mara nyingi lakini si kila mara. Kwa alama hizi nilizozitaja, kiwango kinachofaa ni kusamehe takriban usaliti mmoja katika kila mitatu, tena bila mpangilio, ili mwenzako asijue lini utasamehe akakuzoea. Ukisamehe kila kitu unaliwa. Usiposamehe kabisa, kosa moja la redio linakufungia vita visivyo na mwanzo.

Kwa maoni yangu, kama uigaji wote wa karne iliyopita ungepotea na kubaki hiki kimoja, bado ingekuwa faida kubwa. Kiongozi aliyekaa mbele ya skrini akaona nchi mbili zisizotaka vita zikichapana kwa sababu ya ujumbe mmoja uliofika kombo, mara nyingine akiletewa ripoti ya usiku wa manane atauliza maswali mawili zaidi.

---

Ami wa Bondeni

Mwanangu, nimesubiri useme habari ya mchezo mliotuita tucheze, naona unaogopa kunitaja. Basi nasema mwenyewe.

Mimi nimekuwa nahodha wa jahazi la mizigo, nimekwenda Kismayu, nimekwenda Mukalla. Hawa vijana walituweka vyumba viwili, nchi mbili za kubuni, na bahari katikati ambayo kila mmoja adai ni yake. Nikapewa mashua ya doria. Skrini ikasema: chombo kisichojulikana kimeonekana. Chini yake mna vitufe vinne: ondoka, fuata, piga risasi ya onyo, kamata. Na saa yahesabu.

Nikamuuliza yule kijana aliyekaa na kompyuta, kitufe cha kuuliza kiko wapi? Akaniambia hakipo. Nikamwambia mimi sijapata kukutana na chombo baharini nisikiite kwa redio, chaneli 16: nani wewe, watoka wapi, wabeba nini. Hata ukimwogopa wamwita, tena ukimwogopa ndipo wamwita zaidi. Sasa nyinyi mmetuwekea bahari ambayo watu hawasemezani, halafu mwaandika kwamba watu wa pande mbili walipigana. Kwani mlitarajia nini?

Basi. Nimesema.

---

Mwana wa Mtongwe

Shikamoo Ami. Sikukutaja kwa heshima, sikujua kama ungependa. Lakini maneno yako ndiyo niliyokuwa nikiyatafutia nafasi, na sasa umeyasema vizuri kuliko ambavyo ningeyasimulia.

Baada ya hapo kitufe cha "uliza" kiliongezwa, kikigharimu raundi moja ya muda. Mchezo wa darasani si utafiti, kwa hiyo sitatoa asilimia. Nitasema tu nilichokiona kwa macho. Upande wa Ami walikitumia mara moja. Chumba cha pili kilikuwa na wanafunzi wenye haraka, nao walikiacha hadi pale ripoti ilipoanza kuonyesha kwamba chombo walichokuwa wakikifukuza kilikuwa na samaki tu. Msichana aliyekuwa amiri wao aliondoa mkono kwenye kipanya, akawageukia wenzake akawaambia, "Ngojeni, hatujui hata ni nani."

Wanajamvi, hili si jambo la darasani peke yake. Oktoba 1962, wakati wa mgogoro wa makombora ya Cuba, barua ya Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, kwa Rais Kennedy wa Marekani ilichukua karibu saa 12 kutumwa, kufasiriwa na kufika kamili. Dunia ilikuwa kwenye ukingo, na habari zikienda kwa mwendo wa karani wa simu za maandishi. Mwaka uliofuata, 1963, Washington na Moscow wakafunga laini ya moja kwa moja, ya maandishi. Na mwaka 1972 wakatia saini mkataba wa kuzuia ajali kati ya manowari zao baharini: msielekezeane mizinga kwa mazoezi, tumieni ishara zinazoeleweka, msikaribiane kupita kiasi. Kitufe cha Ami kiliongezwa kwenye dunia halisi, baada ya hofu kubwa.

---

Mvita Kwetu

Swali la haraka. Je, imewahi kutokea uigaji wenyewe ukachukuliwa kuwa kweli?

---

Mwana wa Mtongwe

Ndiyo. Tarehe 9 Novemba 1979, kwenye kituo cha Marekani cha kulinda anga, data ya mazoezi iliyoigiza shambulio kubwa la Wasovieti iliingia kwenye kompyuta za kazi. Maafisa waliona makombora yanakuja. Ndege za kivita zilipaa. Kilichookoa ni kwamba kulikuwa na njia ya pili ya kuhakikisha: waliuliza vituo vya rada na setilaiti moja kwa moja, navyo vikasema hakuna kitu angani. Miezi michache baadaye, Juni 1980, kengele za uongo zililia tena, mara hii kwa sababu ya kijisehemu kimoja cha kielektroniki cha bei ya senti kadhaa kilichoharibika.

Upande wa Wasovieti, usiku wa 26 Septemba 1983, luteni kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu wakati kompyuta ilipomwambia kombora moja limerushwa kutoka Marekani, kisha mengine manne. Alikataa kulipeleka juu kama shambulio. Hoja yake ilikuwa rahisi: nani angeanza vita vya nyuklia kwa makombora matano? Setilaiti ilikuwa imedanganywa na mwanga wa jua uliogonga mawingu. Kumbukeni siku hizo: tarehe 1 ya mwezi huohuo Wasovieti walikuwa wameangusha ndege ya abiria ya Korea Kusini na watu 269 wakafa. Hofu ilikuwa juu kila upande. Ukimwandika Petrov kama programu ya Jino kwa Jino, hatuko hapa leo.

---

Askari Mstaafu

Mwalimu, unasema mengi ya kweli, lakini mbona hujataja Millennium Challenge? Pale ndipo watu hupenda kusema jeshi lilidanganya.

---

Mwana wa Mtongwe

Ahsante mzee, nilikuwa naelekea huko.

Kwa wasiojua: mwaka 2002 jeshi la Marekani liliendesha zoezi kubwa, baadhi yake kwenye kompyuta na baadhi kwa askari halisi, watu zaidi ya 13,000, gharama dola milioni 250. Adui alikuwa nchi ya kubuni ya Ghuba. Aliyepewa uongozi wa adui ni Paul Van Riper, jenerali mstaafu wa majini. Yeye akajua kwamba simu na redio zake zitasikilizwa, basi akatuma wajumbe kwa pikipiki. Alipopewa onyo la kusalimu amri, akaanza yeye: makombora mengi kwa wakati mmoja, pamoja na boti ndogondogo za kiraia. Meli 16 zikazama kwenye kompyuta, manowari ya kubebea ndege ikiwemo. Ingekuwa kweli, maelfu ya mabaharia wangekufa siku ile.

Sisi wa hapa hatuhitaji kuelezwa sana jinsi boti ndogo zilizochanganyika na za wavuvi zinavyoweza kuchanganya macho. Mashitaka ya maharamia wa Kisomali yaliyosikilizwa kwenye mahakama ya gereza la Shimo la Tewa yalihusu watu waliokwenda kuteka meli kubwa za mizigo wakiwa kwenye vijiboti vya mashine.

Kilichofuata: meli zikafufuliwa, zoezi likaendelea, na upande wa Van Riper ukawekewa masharti, ikiwemo kuwasha rada zake zionekane. Akaacha kuuongoza.

---

Askari Mstaafu

Ngoja hapo nikusahihishe kwa upendo. Unapokuwa na askari elfu kumi na kitu wamesafirishwa, huwezi kuwaambia warudi nyumbani siku ya pili kwa sababu meli zimezama. Wana mengine ya kujifunza. Mwamuzi kufufua meli ni kawaida kabisa kwenye mazoezi. Mimi nimefufuliwa mara nyingi nikiwa kazini.

---

Mwana wa Mtongwe

Hoja yako naikubali mzee wangu. Kufufua meli si dhambi. Ninachokipinga ni kumfunga mikono aliyeshinda, halafu kuandika kwamba mbinu mpya zimethibitishwa. Ukifufua, andika ukurasa wa kwanza kabisa: tulizama, hivi ndivyo tulivyozama, kisha tukaanza upya. Huo ukurasa ndio wenye thamani ya zile dola milioni 250.

Na kuna jambo baya zaidi ya kufufua meli: kusikia na kupuuza. Mwaka 1964 serikali ya Marekani iliendesha michezo ya SIGMA kuhusu Vietnam. Kwenye ule wa Septemba walicheza wakubwa wenyewe, akiwemo McGeorge Bundy, mshauri wa usalama wa rais, na jenerali Curtis LeMay wa jeshi la anga. Mchezo ulionyesha kwamba kuipiga Vietnam Kaskazini kwa mabomu hakutavunja nia yake, na kwamba Marekani itazidi kuzama humo. Machi 1965 mabomu yakaanza kudondoshwa kwa mfululizo, na yaliyofuata tunayajua. Kompyuta yenye nguvu kiasi gani ingesaidia pale? Majibu yalikuwa mezani miezi sita kabla.

Ndiyo maana nasema tusishangae ukubwa wa mashine. Tuulize nani alikuwa chumbani, na alikuwa na ruhusa ya kusema nini.

---

Mvita Kwetu

Siku hizi si wanatumia akili mnemba wenyewe? Haitakuwa bora kuliko wanadamu wenye hasira?

---

Mwana wa Mtongwe

Limejaribiwa, mdogo wangu. Mwanzoni mwa 2024 watafiti kutoka vyuo vya Marekani walitoa matokeo ya uigaji ambapo programu tano za lugha, yaani akili mnemba zinazoandika na kujibu kama mtu, zilipewa kuongoza nchi za kubuni, nane kwa kila mchezo. Zote tano zilikuwa na mwelekeo wa kukoleza mgogoro, kwa njia ambazo ilikuwa vigumu kuzitabiri, na mara chache zilifikia hata kutumia silaha za nyuklia. Nyingine zilianza kurundika silaha hata pale mchezo ulipoanza bila ugomvi wowote.

Sababu haijulikani kwa uhakika. Ninavyofikiri mimi, programu hizi zimelelewa kwa maandishi, na maandishi kuhusu mataifa yamejaa vita. Siku ambayo nchi mbili zilizungumza zikaelewana, nani aliandika kurasa mia tano? Isitoshe, programu haina mwana aliye jeshini. Sidhani inafaa kuachiwa kiti. Inafaa kuketishwa kwenye maabara, tuone inakosea vipi, kabla mtu mwenye haraka hajaiweka karibu na silaha.

---

Binti Makadara

Na sisi je? Mifano yote ni Marekani na Urusi. Sisi tuna Somalia hapa jirani na kesi ya bahari.

---

Mwana wa Mtongwe

Dada, hapa ndipo nilipotaka tufike.

Tazameni mfuatano wake. Agosti 2014 Somalia inapeleka kesi Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Yenyewe inataka mstari wa katikati, Kenya inataka mstari unaokwenda moja kwa moja mashariki. Februari 2019 Kenya inamwita nyumbani balozi wake. Desemba 2020 Somalia inavunja uhusiano wa kibalozi. Machi 2021 Kenya inakataa kushiriki kwenye vikao vya mahakama. Oktoba 12, 2021 hukumu inatoka, mstari unachorwa karibu zaidi na madai ya Somalia, na Kenya inaikataa. Ukiyaweka hayo kwenye programu inayojua ngazi za kupanda tu, itakuambia mapigano yalikuwa mlangoni.

Lakini hayakutokea. Mei 2021, katikati ya yote hayo, uhusiano ulirudishwa kwa upatanishi wa Qatar. Na chini ya siasa kulikuwa na miraa. Mogadishu ilikuwa imefunga soko tangu Machi 2020, wakulima wa Meru wakawa wanailalamikia serikali yao, hadi ndege zikaruhusiwa tena Julai 2022. Kulikuwa na askari wa Kenya ndani ya Somalia, wakiwa upande mmoja na serikali hiyohiyo ya Mogadishu dhidi ya Al-Shabaab. Kulikuwa na familia zenye ndugu pande zote mbili, Eastleigh, Lamu, Kismayu. Ni programu ipi iliyoandikwa mbali ambayo ina kitufe cha miraa?

Kuna kazi nzuri zinazofanywa kuhusu bara letu. Mradi wa ViEWS, wa watafiti wa Uppsala, Sweden, na Oslo, Norway, hutoa makadirio ya ghasia mwezi kwa mwezi hadi miezi 36 mbele, na ulianzia na Afrika. IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, nayo ina CEWARN, kituo cha tahadhari ya mapema kilichoanzia kwenye migogoro ya wafugaji ya mipakani. Ila makadirio hulishwa na habari zilizoandikwa. Tukio lisiloripotiwa na yeyote, programu inalihesabu kuwa amani. Na pwani yetu, hasa kaskazini kuelekea Kiunga, ina mengi yasiyofika kwenye habari.

Kwa hiyo nataka tuandike uigaji wetu hapahapa, wa bahari hii, kwa majina ya kubuni kama walivyofanya akina Hermann, ili mtu asicheze kwa ushabiki. NetLogo, programu ya kutengenezea uigaji, ni ya bure, inakwenda hata kwenye kompyuta kuukuu, na ndani yake mna mfano wa mchezo wa Axelrod tayari. Anayejua Python, lugha ya kuandikia programu, atumie hiyo.

Sheria za kuanzia ninazopendekeza: asilimia fulani ya taarifa zifike kombo, na hakuna mchezaji anayejua ni zipi. Kitufe cha kuuliza kiwepo tangu mwanzo. Awepo mpatanishi. Awepo mfanyabiashara anayeumia mpaka ukifungwa na anayeweza kumpigia rais wake kelele. Na mwamuzi akibadilisha matokeo kwa sababu yoyote, iandikwe na wote waione. Leteni pingamizi.

---

Kuli wa Kilindini

Mimi ninayo moja, tena kubwa. Marais umewaweka, manahodha, wapatanishi, wafanyabiashara wa miraa. Mwenye meli yuko wapi? Na kampuni ya bima? Desemba 2023 kampuni kubwa za meli ziliposimamisha safari za Bahari ya Shamu hakuna rais aliyetoa amri. Ni mtu alikaa ofisini akaona bima ya vita imepanda, mabaharia wako hatarini, akasema zungukeni kusini. Sisi huku gatini tulikuja kuona tu ratiba imebadilika. Usipomweka huyo, mchezo wako utasema bandari inafanya kazi hadi siku bomu linapoanguka. Bandari husimama kabla.

---

Mwana wa Mtongwe

Hii inaingia, ndugu, tena inaingia kama mchezaji kamili. Nafikiria iwe hivi: kila tukio baharini, la kweli au la uvumi, linapandisha bei ya bima kwa kiasi fulani, na bei hiyo inashuka polepole sana siku zikipita bila tukio. Mwenye meli analinganisha bima na gharama ya mafuta na siku za ziada za njia ndefu. Ikizidi, anageuza, bila kumuuliza kiongozi yeyote. Tutaona uvumi mmoja tu unatosha kufunga njia au la.

Nitahitaji mtu wa ofisi ya uwakala wa meli anieleze bei hizo hushuka kwa kasi gani baada ya utulivu, kwa sababu kupanda kwake nakujua, kushuka kwake sijapata kuona mtu amekuandika vizuri. Wewe unamjua nani?

---

Kuli wa Kilindini

Ninao wawili. Mmoja alikuwa kazini tangu wakati wa maharamia, ameziona bei zikipanda na kushuka. Nitamuuliza kesho asubuhi kabla ya zamu, kisha nikutumie ujumbe wa faragha.

---

Ami wa Bondeni

Na mimi nitakuja. Lakini kile kitufe kisigharimu raundi nzima. Kuita chombo kwa redio ni dakika moja.